Timu ya Kuenea Tuktuk

Juzi baada ya isha nilikuwa barazani, Majengo, Mombasa, na kahawa tungu yangu, nikajitia kimbelembele kutoa habari njema. Binti wa mtaa wetu, mwaka wa pili chuoni, kaitwa majaribio ya mpira wa vikapu wa tatu kwa tatu. Nikitaraji watu waseme mashaallah. Ami mmoja akaniuliza hiyo timu ina watu wangapi. Wanne, nikamjibu, watatu uwanjani na mmoja wa akiba. Akatua kikombe. "Wanne? Si wanaenea tuktuk hao! Nyuma watatu, mmoja abanane na dereva!"

Baraza zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, niseme uwongo wa nini. Nilipofika nyumbani ndipo moto uliponiwakia.

Maana si ami peke yake. Binti mwenyewe alinihadithia kwamba alipomwomba mwalimu wake (chuo sikitaji, kisiwa hiki kidogo) amruhusu afanye mtihani siku nyingine, aliulizwa: "Unakwenda kucheza mpira au unakwenda kucheza gololi?" Akaenda. Mtihani ukampita, na mpaka leo pale kwenye alama zake pana mstari mtupu. Najua, masomo kwanza, mamangu alinisomea wimbo huo miaka kumi na minane. Lakini ingekuwa ni timu ya watano kwa watano, basi limekodiwa, suti za michezo zinang'ara, mkuu wa chuo kasimama katikati ya picha, angeulizwa habari za gololi?

Haya, sasa nisikizeni.

Olimpiki ya Paris, mwaka 2024. Marekani imepeleka wanawake wanne, enyi watu wa tuktuk, wanne. Watatu mpira ndio kazi yao. Wa nne, Hailey Van Lith, ni mwanafunzi, tena yuko njiani anahama chuo, katoka LSU anakwenda TCU. Msimu wake LSU alisemwa akasemwa, kila mwenye simu ana la kumkosoa. Uwanja umewekwa Place de la Concorde, nje, katikati ya mji, majukwaa yamewazunguka. Wakafungwa mechi tatu za mwanzo mfululizo. Na pale hapakuwa na kocha pembeni wa kukutuliza, kanuni zilimkataza kukaa benchi. Ni nyinyi wanne mtazamane machoni mjue la kufanya. Anayetaka kupumzika anakwenda nyuma ya mstari, anagusana mkono na mwenzake, basi, huyo kaingia. Wakajikokota hivyo hivyo mpaka nusu fainali, wakakosa, wakarudi siku ile ile wakaifunga Kanada 16-13 na kuvaa shaba.

Mwaka uliotangulia, Vienna, huyo huyo Van Lith na Cameron Brink, naye wakati huo mwanafunzi wa Stanford, walikuwa katika kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia la tatu kwa tatu. Chuo hakikuanguka. TCU iliyompokea Van Lith ndiyo kwanza ikapata faida: msimu uliofuata wanawake wake waliingia nane bora ya vyuo vya Marekani, jambo ambalo hawakuwahi kulifikia.

Lakini kinachoniuma hasa ni kwamba mchezo huu ni wetu. Sisemi kwa kujipigia debe. Nani kati yenu aliyekulia mtaani hapa akacheza uwanja mzima? Chuma cha upande mmoja kimeliwa na chumvi ya bahari zamani, kimebaki kibao tu, na kibao chenyewe kinaanikiwa kanga. Kwa hiyo sote tulirundikana upande mmoja. Watatu kwa watatu, wa kwanza kufika ishirini na moja, aliyefungwa anatoka, ukiupora mpira unaambiwa "toa nje!" ndipo ushambulie. Walipokuja watu wa FIBA, shirikisho la mpira wa vikapu duniani, wakaandika kanuni zao, waliandika nini? Nusu uwanja. Kikapu kimoja. Dakika 10 au wa kwanza kufika 21. Ukiupora mpira, utoe kwanza nje ya upinde, ule mstari mkubwa unaokizunguka kikapu. Wakaongeza saa ya sekunde 12 ya kurusha, na hesabu ya pointi 1 ukiwa ndani na 2 ukiwa nje. Hata mpira wao ni namba 6 kwa ukubwa lakini una uzito wa namba 7, kwa hiyo haupeperushwi ovyo na upepo. Mtu aliyejifunza kurusha kusi ikivuma, huyo mnataka kumfundisha nini?

(Kusi yenyewe nina kisa nayo. Fainali moja Tudor nilirusha mpira wa ushindi, ukaenda vizuri, ukageuka hewani kama umeitwa na mtu. Mpaka leo wenzangu wananiita Tanga, la jahazi si la mji.)

Sasa hapa ndipo pananikosesha usingizi: pointi. Katika tatu kwa tatu, FIBA ina orodha ya wachezaji mmoja mmoja, dunia nzima. Unajiandikisha, unacheza mashindano yaliyosajiliwa, unavuna pointi kwa kadiri ya ukubwa wa mashindano na ulivyomaliza. Yanahesabiwa matokeo yako 9 yaliyo bora katika miezi 12. Pointi za wachezaji wa juu wa nchi zikikusanywa ndizo zinazoipa nchi nafasi yake. Mmeelewa maana yake? Mashindano ya mtaani, timu sita, zawadi ni jezi na katoni ya soda, yakisajiliwa yanaisogeza Kenya. Yasiposajiliwa ni jasho na picha za status.

Mongolia walielewa. Nchi ya baridi, haina hata pwani ya kupunga upepo. Tokyo, tatu kwa tatu ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, wanawake wao walikuwepo, na hawakufika kwa kuifunga Afrika wala Ulaya. Walifika kwa nafasi yao kwenye orodha, kwa pointi zilizookotwa mashindano baada ya mashindano. Mwaka 2025 Kombe la Dunia lenyewe likachezwa kwao, Ulaanbaatar. Na Latvia, nchi ya watu wasiofika milioni 2, ilitoka Tokyo na dhahabu ya wanaume baada ya Kārlis Lasmanis kurusha kutoka nje ya upinde na kuwamaliza Warusi 21-18. Mombasa peke yake, kwa sensa ya 2019, ina watu milioni 1.2. Vijana warefu wako sokoni Kongowea wanabeba magunia ya vitunguu.

Nami mwaka jana nimetazama mashindano ya nusu uwanja yasiyopungua matano: likizo za shule, usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, moja likacheleweshwa saa mbili kwa sababu nusu ya timu ya Likoni ilikwama feri. Nikamwendea mwandaaji mmoja, kijana mwema, kanitolea kiti, nikamwuliza matokeo aliyasajili wapi. "Tumeandika daftarini, kaka." Nikaomba kuliona daftari. Lilinyeshewa.

Simlaumu sana yeye, anatoa kwa mfuko wake. Nawalaumu wale wenye ofisi, muhuri na kiyoyozi, ambao kuingiza mashindano kwenye mtandao ni kazi ya asubuhi moja. Binti wetu kacheza miaka mitatu, kashinda mara ngapi sijui, kaenda majaribio akiwa na pointi sifuri. Sifuri! Mbele ya orodha ya dunia hajawahi kushika mpira.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba watano kwa watano kumetulea. KPA, timu ya bandari, wametupa raha nyingi pale Makande na sitaki kugombana na mtu yeyote wa bandarini. Shule ya Kaya Tiwi, hapo ng'ambo Kwale, alipita Madina Okot, akaenda chuo cha Zetech, akavuka mpaka Marekani, chuo cha Mississippi State, na mwaka 2025 akahamia South Carolina. Huo ni mpira wa uwanja mzima, na matunda yake tunayaona. Sawa. Lakini Okot ana futi sita na nusu. Binti wa mtaa wetu ananifika begani, ana mkono wa nje na roho ya paka, na nusu uwanja ndio mahali pake. Yeye asubiri arefuke?

Na jambo dogo, mtu alipeleke kunakohusika: pale Mama Ngina, pakavu, bahari nyuma, watu wamekaa na mihogo yao na achari. Uwanja wa tatu kwa tatu ni mita 15 kwa 11 tu. Wafaransa walipata nafasi katikati ya Paris, sisi tunashindwa kando ya vibanda vya madafu?

Ami nilimwona tena jana. Kaniuliza, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie, binti anacheza lini tena. Jumamosi baada ya alasiri, nikamwambia, chuma cha upande wa msikiti, kile kilichobaki. Mpira ninao, na safari hii simu yangu itakuwa na chaji, matokeo nitayaingiza mwenyewe nikijua pa kubonyeza. Pampu ndiyo imepotea. Aliyenayo aje nayo.