Jumuiya isiyofika hatua ya sita

Kikao cha jumuiya ndogo ndogo, yaani kaya jirani za Wakatoliki wanaokutana kusali, kimepangwa saa kumi na moja jioni, watu wanatimia saa kumi na mbili kasoro robo. Rozari inasaliwa, Injili inasomwa mara moja, mwenyekiti anaifafanua kama katekista mbele ya darasa, kisha linafunguliwa daftari la michango na hapo ndipo watu wanapochangamka. Giza likiingia katibu anatangaza wiki ijayo ni kwa nani, watu wanatawanyika. Kwenye taarifa ya parokia jumuiya hiyo inahesabiwa kuwa hai.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokubaliana mwaka 1973, na kulirudia kwa mkazo mwaka 1976, kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe nguzo ya uchungaji katika ukanda huu, hawakuwa wanatafuta njia nyepesi ya kukusanya fedha mtaa kwa mtaa. Mtu anaweza kusali Dominika miaka kumi kwenye benchi lilelile na jirani yake asijue kama amelala njaa. Kwenye jumuiya ya kaya kumi au kumi na tano hilo halifichiki. Zikizidi ishirini, gaweni. Mkichelewa kugawa, wanaobaki wakiongea ni walewale watano.

Njia ya kushirikishana Injili kwa hatua saba, iliyotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, inajulikana karibu kila parokia. Tatizo ni kwamba inafuatwa nusu. Kumkaribisha Bwana na kusoma somo, hatua mbili za kwanza, hazina shida, ila somo lisomwe mara mbili, na wasomaji wawili tofauti, wala si kila mara yule kijana mwenye sauti nzuri. Chukueni Injili ya Dominika inayokuja, ili watu wakifika misani walikute Neno walilokwisha kulitafuna.

Hatua ya tatu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Tuseme ni habari ya kipofu Bartimayo, Marko 10:46-52. Anayeguswa anachomoa fungu fupi, “Jipe moyo, inuka, anakuita”, analitamka mara tatu, na baada ya kila mara pawe na kimya kidogo. Basi. Haongezi “hii inatufundisha kwamba”. Mwingine akirudia lilelile hajakosea. Bibi asiyejua kusoma, akishalisikia fungu hilo mara sita, analo moyoni sawasawa na mwalimu mstaafu aliyekaa pembeni yake, na hapo ndipo usawa wa jumuiya unapoanzia. Mwenyekiti akigeuza hatua hii kuwa maswali na majibu, bibi ananyamaza hadi mwisho.

Kimya cha hatua ya nne kiwe dakika tatu hadi tano, kwa saa. Kuna viongozi hawawezi kuvumilia kimya. Dakika ya kwanza tu haijaisha, wimbo umeshaanzishwa. Waacheni watu wakae na Neno, hata kama mtoto analia.

Kwenye hatua ya tano, ya kushirikishana Neno lilivyomgusa kila mtu, kanuni ni moja: sema “mimi”. Sentensi ikianza na “Wakristo wa siku hizi”, hayo ni mahubiri, na mara nyingi kuna mtu humo ndani anayepigwa kijembe. Hakuna kumjibu aliyeshirikisha, hakuna kumsahihisha. Yaliyosemwa yabaki pale. Siri ikivuja mara moja tu, itachukua muda mrefu sana kabla mtu hajathubutu tena kusema kwamba ndoa yake inayumba.

Sasa hatua ya sita, ile ambayo jumuiya nyingi huiruka kwa sababu muda umekwisha na michango inasubiri. Hapa mnajiulizana Bwana anataka mfanye nini wiki hii. “Tuwatembelee wagonjwa” si jibu. Jibu linataja kazi, watu, siku, na nani ataleta taarifa: wawili waende Jumatano jioni kwa mama aliyevunjika mguu, wamfulie, wamchotee maji, wamuulize kama angependa kupelekewa Komunyo, na katibu amweleze katekista. Kikao kinachofuata kianze na taarifa hiyo kabla ya jambo lolote. Kama hawakwenda, waseme hawakwenda, bila kusutwa.

Imani za watu, kwa ninavyoona mimi, hukua hapo kuliko penginepo. Waliokwenda hurudi na maswali ambayo hawakuwa nayo: kwa nini yeye, na mimi ningestahimili? Sala za hatua ya saba nazo hubadilika. Badala ya “tuwaombee wagonjwa wote duniani” mtu anauombea mguu aliouona, na kodi ya nyumba ambayo mama yule hajui ataipata wapi. Waraka wa Yakobo 2:15-16, unaouliza yafaa nini kumwambia mwenye njaa ashibe bila kumpa kitu, hauhitaji tena mfafanuzi.

Fedha hazikwepeki, parokia ina gharama zake. Ila zitengewe kikao kimoja kwa mwezi, au dakika kumi za mwisho, baada ya sala ya kufunga. Michango iwe ndani ya bahasha, mpokeaji awe mweka hazina na si mwenyekiti, na majina ya wanaodaiwa yasisomwe mbele ya watu. Anayesomwa leo hatakuja wiki ijayo, na kitakachokosekana si mchango wake tu.

Vilevile ile barua ya jumuiya inayodaiwa mtoto anapotaka kubatizwa au vijana wanapofunga ndoa. Ina maana yake, kwamba mnamjua mtu huyu. Lakini ikiwa fimbo, watu huhudhuria miezi miwili kabla ya sherehe na kutoweka wiki moja baada yake. Kosa la nani? Mara nyingi hakuna aliyewahi kuwapa kazi ya hatua ya sita. Walikuwa wageni waliokuja kutia sahihi.

Aliyetoweka afuatwe kabla hajakosa vikao vinne mfululizo. Waende watu wawili, mmoja wao wa rika lake, na daftari la michango libaki nyumbani kwa mweka hazina. Wasiulize kwa nini haji. Waulize habari za nyumbani, wakae, na wakikaribishwa kusali wasome Injili ileile ya wiki hiyo.