Taka za Bukavu zinaingilia mlango gani?

Juzi nimepokea karatasi kutoka komine, yaani serikali ya mtaa, ya huku ninakoishi, karibu na Lausanne, Uswisi. Nilidhani ni deni. Kumbe ni hesabu ya taka za mwaka: kila mkaaji ametoa kilo ngapi za chupa, ngapi za makaratasi, ngapi za maganda na mabaki ya chakula, na ngapi zimekwenda kuchomwa. Kwanza nilikasirika. Mfuko rasmi wa lita 35 naununua karibu faranga 2, mtupu, eti nitie uchafu ndani, na sasa wananisomea hadi uzito wa uchafu wenyewe! Nilipoisoma tena, hasira ikahamia kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo.

Maana sisi taka tunazijua kwa macho na kwa pua. Tunajua mto Kawa unavyozibeba mvua ikinyesha. Tunajua ile mikeka ya chupa pale ziwa Kivu linapomwagikia mto Ruzizi, na giza linalotuangukia plastiki zikiziba mashine za bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza. Tunajua salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, ya Jumamosi: tunatoa uchafu mferejini, tunaupanga pembeni ya barabara, mvua ya Jumatatu inaurudisha mferejini. Tunafagia kweli, asiseme mtu kwamba sisi ni wavivu. Lakini muulize shefu wa avenyu, muulize burugumesta, mkuu wa komine, muulize yeyote: tani ngapi? Atakuonyesha lundo kwa kidole.

Na tunaanza kuhesabu pabaya. Tunaangalia mwisho, ziwani na mferejini, wakati kila kilicho mle kiliwahi kuwa mali iliyopita mlango fulani ikiingia mjini. Mwenye duka asiyeandika mzigo unaoingia, anayeangalia tu rafu zikipungua, hata mtoto wa shule angemcheka. Mji mzima tunauendesha hivyo.

Wenye kazi hii wana njia yao, uchambuzi wa mtiririko wa vitu. Peter Baccini wa Zurich na Paul Brunner wa Vienna waliieleza katika kitabu chao cha 1991, na kiini chake hakina uchawi: kinachoingia lazima kilingane na kinachotoka pamoja na kinachobaki ndani. Unachora mpaka, tuseme komine zetu za Ibanda, Kadutu na Bagira. Unachagua muda, mara nyingi mwaka mmoja. Kisha unafuata uzito: sokoni, jikoni, mferejini, shambani, ziwani. Kila mshale unauchora mnene au mwembamba kulingana na tani zake. Hesabu isipolingana, ujue kuna mahali vitu vinapita na wewe huoni.

Sasa fikirini mji wetu ulivyo. Upande mmoja ziwa, upande mwingine Ruzizi na Rwanda, na nyuma milima. Malango makubwa yanahesabika: maboti yanayoshusha mizigo, mipaka ya Ruzizi, njia ya Panzi inayotoka Walungu, njia ya Kavumu. Kwa hesabu ya namna hii ni bahati ambayo miji mingi mikubwa haina. Na mzigo unaopita mpakani unaandikwa tayari, kwa sababu unalipiwa ushuru. Makaratasi yapo. Aliyeyasoma kwa ajili ya taka sijamsikia.

Najua mtakachosema. "We unakula fromage huko, unakuja kutufundisha kufagia?" Ngojeni. Kwa wastani mtu wa Uswisi anatoa takriban kilo 700 za taka za mjini kwa mwaka. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba mtu wa Afrika kusini mwa Sahara anatoa 0.46 ya kilo kwa siku, ambayo haifiki 170 kwa mwaka. Mzungu ananizidi mara nne hivi! Anayetupa sana ni yeye, na mtaa wake unameta. Kwa hiyo msiniambie nadharau watu wetu. Mama zetu hawatupi chupa, hawatupi bidoni, hawatupi hata mfuko wa saruji. Ninachowaonea wivu Waswisi ni hesabu tu.

Tena tazama mahali plastiki zinapozaliwa. Gunia la chumvi linaingia Kadutu likiwa mfuko mmoja mkubwa. Mama anakaa nalo chini, anachukua sashe, kifuko kidogo cha plastiki, anaipuliza ifunguke, anatia vijiko viwili, anaizungusha, anafunga fundo. Jioni gunia limekwisha na mji umepata mafundo mamia, ambayo usiku huohuo yatakatwa kwa meno na kutupwa. Serikali ilikataza sashe kwa amri ya Desemba 2017. Rwanda ng'ambo ya daraja walizikataza tangu 2008, na sote tunajua namna wanavyotuvua mifuko pale mpakani. Kwetu amri ilitangazwa, na chumvi ikaendelea kufungwa vilevile, kwa sababu hakuna aliyejiuliza mama yule atafungia nini. Ukichora mishale unamwona. Ukiandika amri peke yake humwoni.

Wengine wa diaspora, tena wenzangu, wanapenda kutuma picha za viwanda vya kuchoma taka. Hapa Lausanne kiko kimoja, Tridel, tangu 2006. Taka nyingine zinafika kwa treni na moto wake unapasha nyumba joto. Kizuri sana. Lakini sehemu kubwa ya taka za jiko letu ni maganda ya ndizi, maganda ya mihogo, majani yaliyolowa. Uyachome kwa nini, kwa mazutu, yaani dizeli? Na kuchoma hakumalizi kitu: karibu sehemu moja kwa tano ya uzito inabaki majivu, na zebaki ya betri za tochi inapanda na moshi. Huku inanaswa kwenye vichujio, kwetu tunaivuta sisi kandokando ya barabara.

Yale maganda ndiyo yanayoniuma zaidi. Mihogo, maharagi na ndizi zinatoka Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi zikiwa zimebeba fosforasi na naitrojeni ya mashamba yale. Zinaingia mjini, tunakula, maganda yanakwenda ziwani kulisha mwani, na hakuna kinachorudi shambani isipokuwa malalamiko kwamba udongo umechoka. Magari yaleyale yanarudi Walungu matupu! Hiyo nayo ni mishale miwili kwenye karatasi, mmoja mnene na mwingine haupo.

"Watu wanakufa kwa vita, benki zimefungwa tangu mwaka 2025, wewe unataka tupime maganda." Nimeisikia hiyo hata kwa yaya, ndugu yangu mkubwa, na sina jibu la kumfariji. Ila ziwa halingoji amani, na mashine za Ruzizi zinazibwa na plastiki ya mji wowote, uwe chini ya nani.

"Hatuna takwimu." Hapo ndipo nakataa kabisa. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna kina programu iitwayo STAN, ya bure, unayoitilia makadirio pamoja na kiasi unachoyashuku, nayo inayasawazisha. Wanafunzi wa ISDR, chuo chetu cha maendeleo ya vijijini, na wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu wapo. Mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia kahawa, inaazimika. Waanze na Kadutu peke yake, wiki moja ya kiangazi na wiki moja ya mvua: magunia yanayoingia asubuhi, lundo linalobaki jioni, na kilichopungua katikati wakitafute mferejini.