Swali la nne lilikuwa na kosa

Wiki iliyopita saa nne usiku nimekaa mezani, kesho nina kipindi cha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, yaani namba za chini hazifanani, na kichwani hamna kitu. Nikaingia Oak National Academy, huu mtandao ambao walimu wa hapa Uingereza waliuanzisha haraka haraka Aprili 2020 shule zilipofungwa kwa korona, sasa hivi uko chini ya serikali na ni bure. Slaidi zipo, jaribio lipo, majibu yapo, mpaka kosa ambalo watoto hulifanya sana limetajwa ili ujiandae nalo, maana unamjua yule atakayejumlisha juu kwa juu chini kwa chini, nusu na theluthi akakupa mbili ya tano na uso mkavu.

Lakini sio hilo. Nikahamia mtandao mwingine kutafuta kadi za mchezo, nikakuta mwalimu mmoja kaziweka zake, na chini yake mwenzake kaandika: swali la nne lina kosa, theluthi na robo ni saba ya kumi na mbili, sio saba ya sita. Mwenye kadi kajibu siku hiyo hiyo: asante, nimerekebisha. Basi. Hakuna "we nani", hakuna "toa yako tuone".

Hilo asante ndo limeninyima usingizi.

Kabla sijaja huku nimefundisha kule nyumbani miaka tisa na shughuli ya andalio la somo mnaijua. Mstari kwa rula, safu zote zijae, mwalimu wa taaluma asaini. Mimi langu nilikuwa nanakili la mwaka jana nabadilisha tarehe, siku moja nikaandika tarehe ya Jumapili na muhuri ukagongwa. Ile safu ya tathmini, "wanafunzi wengi wameelewa", naijaza kabla sijaingia darasani! Sasa andalio la namna hiyo utampa nani alikosoe? Tulikuwa tunamwandikia mkaguzi, mtoto hayumo, na karatasi ya mkaguzi huwezi kuianika mtu akwambie swali la nne limekosewa, utaitwa ofisini.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: kapanda ndege juzi leo anatufundisha kazi, bando lenyewe tunalipia mfukoni halafu darasa lina watoto mia. Ndugu yangu, hao watoto mia nimewafundisha na mimi, usinisimulie. Tena ngoja nijisifu kidogo, hapa projekta ilizima mwezi uliopita mwenzangu akawaambia watoto wasome kimya kimya mpaka fundi aje, mimi nikachukua karatasi nikakunja nusu, nikaikunja tena sehemu tatu sawa, sita za sita hizo hapo, kipindi kikaenda. Huo ufundi sikuupata Uingereza. Walimu wa nyumbani ndio wenye vitu vya kupandisha mtandaoni, wanavyo kichwani, ndo maana inaniuma.

Na bando sio jibu lote. Kuna programu inaitwa Kolibri, unaiweka kwenye kompyuta moja na masomo yake, zingine zinaunganishwa nayo hapo hapo shuleni bila intaneti. Kuna TESSA ya Open University, chuo kikuu huria cha hapa Uingereza, ipo tangu 2005, vifaa vya walimu vya bure na vya Kiswahili vimo kabisa. Niliijulia huku. Ya Kiswahili, nimeijulia huku kwenye baridi!

Mtasema mbona tunashirikishana, magrupu ya WhatsApp yamejaa. Kweli yamejaa. Mwaka jana dada yangu, naye mwalimu, alinitumia PDF nimsaidie kusoma mwandiko, nafungua naona mwandiko WANGU, notisi zangu za zamani, jina limekatwa na katikati ya kila ukurasa pamepigwa namba ya simu, "kwa maandalio ya madarasa yote piga hapa". Sikukasirika hata, nilicheka. Walimu wa nje nao wanauziana, Teachers Pay Teachers ilianzishwa na mwalimu wa New York mwaka 2006 na kazi yake ndo hiyo, lakini muuzaji anatakiwa auze kazi yake mwenyewe. Na anayegawa bure anaweza kuweka leseni ya Creative Commons, chukua, badilisha, taja jina langu. Jina tu jamani. Mtu akijua jina lake litabaki ataweka kitu cha maana, akijua litakatwa ataficha daftari kabatini na funguo anatembea nayo.

Basi nikamwambia dada aweke somo lake moja mtandaoni. Akanijibu, "Halafu mkuu akiliona?" Tumebishana siku tatu, akanisema nimekuwa Mzungu, nikanuna, akanipigia mwenyewe. Juzi akatuma ukurasa mmoja, kaupiga picha kiubavu, kidole gumba kimefunika asili ya sehemu ya pili. Nikaupandisha hivyo hivyo kwa jina lake kamili.

Leo asubuhi kuna mtu kauliza chini ya kidole kuna namba gani. Nimemtumia dada ajibu mwenyewe.