Historia ya ATCL haikuanza 2016

Jamani mwandishi, umesema safari ya ATCL, shirika letu la ndege la Tanzania, ilianza 2016 zilipokuja ndege za Bombardier, hapana kabisa. Shirika limezaliwa 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, ile iliyokuwepo tangu 1946 ikiwa na ndege kama Super VC10 inakwenda mpaka London, sasa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipogombana kila nchi ikachukua njia yake. Wazee wetu waliofanya kazi kule wengine bado wapo hapa hapa Dar, mmoja jirani yetu Kipawa alikuwa fundi, mpaka leo ndege ikipita juu anakatisha maongezi asikilize injini kwanza. Mnawafuta hivi hivi?

Na Terminal 2 ya uwanja wa ndege wa Dar msiipite kama gofu, ile imechorwa na Paul Andreu, Mfaransa yule yule aliyechora uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle wa Paris, ikafunguliwa 1984. Terminal 3 ya 2019 ni nzuri sawa, nafasi ipo, ila hata picha moja kubwa ya zamani wasafiri waione ingewekwa. Naomba mhariri arekebishe hiyo aya, watoto wa shule wanasoma humu.