Niliutafuta Mtumbwi Mchoroni Sikuuona

Juzi nilipitia maonyesho ya wanafunzi wa usanifu majengo hapa Nairobi, nikasimama mbele ya mchoro mmoja mpaka mguu ukafa ganzi. Bandari iliyoachwa, gati limeota kutu, na juu yake jumba la kioo limejikunja kama tanga lililoshika upepo. Zuri, sikatai. Nikatafuta mtumbwi. Hakuna. Nikatafuta mama mwenye karai la samaki wa mbuta. Hakuna.

Iliniuma, kwa kuwa samaki wa Lwang'ni, vibanda vya kando ya ziwa pale Kisumu, nimewala mara nyingi, vidole vikinukia ndimu mpaka jioni. Bandari ya Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, ililala miaka mingi. Leo imeamka na meli ya MV Uhuru imepeleka mafuta Uganda, hilo nalishukuru. Lakini vibanda vile vya samaki vilibomolewa, na walioiweka hai sehemu ile wakati meli hazipo ndio waliotangulia kuondoka.

Basi kama ni kujaribu majengo mapya bandarini, tujaribu kwa ajili yao. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika likameza fuo na nyumba, na gugumaji nalo huja na kuondoka na upepo. Mahali kama hapo jengo la kuelea lina akili kuliko nguzo za zege. Msanifu Mnigeria Kunlé Adeyemi alilithubutu Makoko, mtaa uliojengwa juu ya maji huko Lagos: shule ya mbao ya ghorofa tatu juu ya mapipa 256 ya plastiki, ikakamilika 2013. Ndiyo, mvua kubwa ya 2016 iliiangusha, na anayeniletea hoja hiyo ana haki. Ila wazo halikufa. Jengo lililozaliwa na wazo hilo linaelea leo Mindelo, Cape Verde, ni ukumbi wa muziki. Jaribio dogo likianguka, mbao zinaokotwa. Jumba la kioo likikosea, tunaishi na kosa hilo miaka hamsini.

Copenhagen, Denmark, nao walisafisha kwanza maji taka ya bandari yao, ndipo 2003 wakaweka bwawa la kuogelea la mbao pale Islands Brygge. Maji kwanza.

Wewe uliyechora lile tanga la kioo, mkono unao. Panda basi la usiku, shuka Kisumu alfajiri, nenda ufuo wa wavuvi wa Dunga mitumbwi ikirudi. Waulize kina mama wanataka kivuli kikae wapi, barafu ihifadhiwe wapi, maji yakipanda wahamishe meza vipi. Kisha chora tena. Nitakuja kuutazama.