Gari Kubwa la Petroli Linafaa Kufungwa Gesi, Ila Valvu Ziangaliwe Kwanza

Katika magari yote ya petroli, linalostahili zaidi kufungwa mfumo wa gesi ya LPG ni lile kubwa linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, lenye injini ya lita nne au zaidi, ambalo wanunuzi wengi hulikwepa kwa sababu ya unywaji wake. Gari dogo linalotumia lita sita kwa kilomita 100 halina mengi ya kuokoa, na mtungi utamaliza nafasi yote ya buti. Gari kubwa lina mahali pa kuuweka, halisumbuliwi na uzito wake, na kwa kuwa linakunywa sana, gharama ya ufungaji hurudi mapema kwa mtu anayesafiri mbali mara kwa mara.

Hata hivyo hesabu ifanywe bila kujidanganya. LPG ni mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa hadi ukawa kimiminika, na lita yake moja hubeba nishati ya megajuli 25 hivi, wakati lita ya petroli hubeba takriban 32. Kwa hiyo gari lililokuwa likitumia lita 18 za petroli kwa kilomita 100 litatumia lita 22 au 23 za gesi, na fundi anayekuambia kwamba ulaji haubadiliki anatafuta kuuza tu. Pale ambapo lita ya gesi huuzwa kwa nusu ya bei ya petroli, gharama ya mafuta hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Lakini bei hiyo ikipanda hadi asilimia 80 ya bei ya petroli, faida yote huwa imekwisha. Ndiyo maana gesi ya magari imeshika mizizi katika nchi kama Uturuki, Polandi na Italia, ambako kodi imeiacha ibaki nafuu kuliko petroli kwa tofauti kubwa.

Swali la kwanza ambalo karibu kila mtu huliuliza ni kama mtungi utalipuka. Sioni kwamba ndilo swali kubwa. Mtungi wa gari ni wa chuma kinene, hujazwa hadi asilimia 80 tu ili gesi ipate nafasi ya kutanuka wakati wa joto, una valvu ya usalama inayopumua mgandamizo ukizidi, na una valvu ya umeme inayojifunga mara injini inapozimika. Jambo la kuzingatia ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini badala ya kupaa. Kwa sababu hiyo baadhi ya maegesho ya chini ya ardhi huyakataa magari haya, na mtungi uliofungwa ndani ya gari lazima vifaa vyake vifunikwe kwa kasha lenye mipira inayotoa hewa nje.

Swali ambalo ningependa liulizwe kwanza linahusu valvu za injini, yaani vile vizibo vinavyofungua na kufunga njia za kuingia na kutoka kwenye silinda. Katika mifumo mingi gesi huingia kwenye silinda ikiwa mvuke mkavu, bila yale matone ya petroli ambayo hupoza valvu za kuingiza, na ikiwa mchanganyiko una gesi kidogo kuliko inavyotakiwa, joto la upande wa ekzosi huongezeka. Viti vya valvu, yaani pale valvu inapokaa ikijifunga, visipotengenezwa kwa chuma kigumu huanza kulika, valvu huzama kidogo kidogo kwenye kichwa cha silinda, na ile nafasi ndogo inayoachwa kati ya valvu na tapeti, kipande kinachoisukuma ifunguke, hupungua hadi kwisha. Hapo valvu haifungi tena sawasawa, moto hupenya pembeni yake, na hatimaye huungua. Ubaya wa tatizo hili ni ukimya wake: tapeti iliyolegea hugonga na mwenye gari akasikia, lakini iliyobana haina sauti, na wapo wanaofurahi kwamba injini imetulia baada ya kufungwa gesi, kumbe mgandamizo wa silinda unapotea.

Injini hazilingani katika jambo hili. Ile V8 ya Rover iliyofungwa katika Range Rover kwa miaka mingi ina tapeti zinazojirekebisha kwa mgandamizo wa oili, na Uingereza magari hayo yamefungwa gesi kwa wingi. Injini ya 1FZ-FE ya Toyota, ya lita 4.5, hurekebishwa kwa visahani vidogo vinavyokaa juu ya tapeti, kwa hiyo mwenye nayo hana budi kupima nafasi hizo kwa vipimo vya bati kabla ya kufunga gesi, aandike namba, kisha arudie kupima kila baada ya muda ili aone kama zinapungua. Hiyo ni kazi ya kufungua mfuniko wa juu wa injini tu. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kushusha kichwa cha silinda, lakini ni nadra kuiona katika orodha ya kazi anayopewa mteja.

Baada ya valvu, kinachoamua ni mkono wa fundi, kwa maoni yangu hata kuliko jina lililoandikwa kwenye vifaa. Nozeli za gesi huingizwa kwa kutoboa manifodi ya kuingizia hewa, na fundi anayejiheshimu huishusha manifodi kwanza. Asiyetaka usumbufu hupaka grisi kwenye kekee, akatoboa manifodi ikiwa mahali pake, na kutumaini kwamba vumbi lote la aluminiamu limenaswa. Mipira inayotoka kwenye injekta za gesi, yaani vifaa vinavyopulizia gesi kwa kipimo, nayo inapaswa kuwa mifupi na yenye urefu sawa, la sivyo silinda moja hupata gesi kwa kuchelewa na injini ikatetemeka inapowaka gari likiwa limesimama.

Halafu kuna kuseti, yaani kupanga kiasi cha gesi kinachoingia kwenye injini. Mifumo ya kisasa huiga muda wa injekta za petroli na kuurekebisha kwa ajili ya gesi, na gari likipimwa limesimama gereji, karibu kila kitu huonekana kizuri. Seti ya kweli hufanyika barabarani, kwenye mlima, gari likiwa limebeba mzigo na kompyuta ikiwa imechomekwa, kwa sababu hapo ndipo gesi inapopungua na valvu zinapoungua. Plagi na nyaya zake zilizochoka pia hujitokeza hapo, kwani gesi huhitaji cheche yenye nguvu zaidi.

Anayeingia porini afikirie mahali pa mtungi. Wengi huuweka chini, palipokuwa na tairi la akiba, na gari linalopanda kingo za mito huanza kuuburuza kwenye mawe. Mtungi wa lita 90 hupokea lita 72, ambazo kwa lile gari la lita 22 au 23 za gesi kwa kilomita 100 zinatosha kilomita 310 hivi.

Tangi la petroli nalo lisiachwe tupu. Injini huwaka kwa petroli kwanza, na hubadili kwenda gesi baada ya maji ya redieta kupata joto la kugeuza gesi kutoka kimiminika kuwa mvuke kwenye regyuleta, kifaa kinachopunguza mgandamizo wake. Anayetembea safari fupi fupi tu huzima gari kabla ya hapo na hataona faida yoyote. Isitoshe, katika magari mengi pampu iliyo ndani ya tangi huendelea kuzunguka hata wakati wa gesi, na petroli ndiyo inayoipoza, kwa hiyo kuacha robo tangi muda wote ni nafuu kuliko kununua pampu mpya.