Kabla ya kununua mtambo wa maji, tazama sabuni

Mtoto mwenye pumu ya ngozi hujikuna usiku kucha, asubuhi shuka lina madoa ya damu na mikunjo ya viwiko imechubuka. Mzazi wake atatafuta mchawi popote, na siku hizi wengi wananyooshea kidole maji ya bomba. Wakiona ukoko mweupe ndani ya birika na sabuni isiyotoa povu, wanajua maji yao ni magumu, yaani yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Swali lao ni la haki. Kinachoniuma ni kuona wanahimizwa kununua mtambo wa kulainisha maji bila kuelezwa mambo yote.

Uhusiano upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu wanafunzi wa Nottingham, Uingereza, ulikuta ugonjwa huu umezidi kwa watoto wa shule za msingi waliokaa kwenye maji magumu zaidi. Lakini mambo mawili yakiandamana, haina maana kwamba ukiondoa moja la pili litapona. Hilo lilipimwa, tena Uingereza hukohuko. Watoto 336 ambao tayari walikuwa na ugonjwa waligawanywa makundi mawili: nusu wakafungiwa mtambo nyumbani, nusu wakaendelea na maji yao. Baada ya wiki 12, wauguzi ambao hawakujua nani yuko kundi gani wakawakagua ngozi. Makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, kama moja ya tano hivi, na mtambo haukuongeza kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2011, lakini bado ni wazazi wachache mno wanaoyasikia.

Kwa maoni yangu, jibu lenye faida kubwa zaidi liko kwenye sabuni. Watafiti wa Sheffield walionyesha mwaka 2018 kwamba ukinawa kwa maji magumu, kemikali ya povu iitwayo sodiamu laurili salfeti hubaki kwa wingi zaidi kwenye ngozi na kuiwasha. Walioumia zaidi ni wale waliorithi upungufu wa filagrini, protini inayosaidia ngozi kushikilia unyevu. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, sabuni ya kawaida huiondoa. Kwa hiyo, iwe maji ni magumu au laini, acha sabuni za povu na manukato. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, kwa dakika chache, ukitumia krimu ya kuogea isiyo na sabuni. Usimsugue kwa taulo. Mkaushe kwa kumgusagusa, kisha umpake mafuta mazito yasiyo na harufu wakati ngozi bado ina unyevunyevu. Upakaji huo ni wa kila siku, hata ngozi ikionekana imetulia.

Kuna jambo jingine linanisikitisha zaidi ya yote. Familia inajinyima ili inunue mtambo, huku krimu ya steroidi aliyoandika daktari imekaa kabatini kwa sababu mtu alisema itachuna ngozi ya mtoto. Ikiwa ya nguvu aliyochagua daktari, na ikapakwa mahali na kwa muda aliopanga, ni dawa salama, na ndiyo inayozima moto ngozi inapowaka. Kama unaiogopa, rudi nayo kwa daktari, mwambie unaogopa nini, na umwombe akuonyeshe kwa kidole chake kiasi cha kupaka.